Dawa ya rangi mbili na mafundi wa udongoni

Leo nianze na dada yangu, kwa ruhusa yake. Ni mama lishe pale Kariakoo, jirani na Mtaa wa Sikukuu. Kabla ya adhana ya alfajiri ameshabandika sufuria la supu, na hana muda wa kukaa foleni hospitali. Kila mkojo ulipomchoma, alimtuma kijana dukani: "Niletee rangi mbili za elfu moja." Alimeza siku mbili, akipata nafuu basi. Vidonge vilivyobaki alivifunga kwenye pindo la kanga kwa ajili ya siku nyingine.

Mwaka jana siku hiyo ilifika na dawa haikufanya kitu. Homa ilipanda, mgongo ukauma, akaanza kutapika. Hospitali wakaotesha mkojo, na majibu yakaja na orodha ya dawa, nyingi zikiwa zimeandikwa neno moja: sugu. Alilazwa siku sita kwa dawa za sindano. Meza yake ilikaa tupu, lakini marejesho ya kikoba hayakusubiri.

"Mdogo wangu," aliniuliza, "ile dawa ilikuwa feki?"

Swali lake ndilo somo letu la leo, na jibu lake linaanzia udongoni.

Ile harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza hutokana kwa sehemu kubwa na bakteria wanaoitwa Streptomaisesi. Wao na jamaa zao ndio waliotupa dawa nyingi za antibaotiki. Streptomaisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943 na Albert Schatz katika maabara ya Selman Waksman, ilitoka kwao. Erithromaisini ilitokana na udongo wa Ufilipino.

Bakteria huyo anaitengenezaje dawa? Tazama baraza za mafundi cherehani wa Kariakoo. Mmoja anakata kitambaa, wa pili anaunga, wa tatu anatia kola, wa mwisho anaweka vifungo. Ndani ya bakteria mafundi hao ni vimeng'enya. Kwa erithromaisini, vimeng'enya vitatu vikubwa hupokezana kazi. Huunga vipande 7 vidogo, kila kimoja kikiwa na kaboni 3, kisha hufunga mnyororo huo kuwa duara. Hapo vazi limeungwa, lakini bado halivaliki. Vimeng'enya vingine huongeza oksijeni, na vingine hubandika sukari mbili. Bila sukari hizo, duara lile karibu halina nguvu yoyote ya kuzuia bakteria.

Binadamu naye ameongeza marekebisho yake. Mwaka 1980, wataalamu wa kampuni ya Pliva mjini Zagreb walipenyeza naitrojeni kwenye duara la erithromaisini, wakapata azithromaisini tunayoijua leo. Rifampisini ya kifua kikuu nayo ni zao la bakteria wa udongo lililorekebishwa maabara. Nchi yetu ina historia yake hapo: Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na utaratibu uliojengwa hapa kwa msaada wa Dk. Karel Styblo, wa kumsimamia mgonjwa hadi amalize dozi, ulikuja kuwa mfano kwa Shirika la Afya Duniani.

Sasa jiulize: bakteria anayetengeneza sumu ya kuua bakteria wenzake, mbona hajiui mwenyewe? Ana fundi wa kumlinda. Anayetengeneza streptomaisini ana kimeng'enya kinachobandika kipande cha fosfeti kwenye dawa, ikapoa mpaka itoke nje. Anayetengeneza erithromaisini hubadilisha kidogo mahali ambapo dawa ingemshika.

Tatizo ni kwamba bakteria hupeana ujuzi. Maelekezo ya kutengeneza vimeng'enya kama hivyo huweza kuhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, hadi kwa wale wanaotuletea maradhi. Wengine wana kimeng'enya kinachofanya kazi kama mkasi: hukata duara dogo lililo moyo wa penisilini na amoksilini. Mkasi huo ulishaonekana mwaka 1940, kabla penisilini haijaenea kwa wagonjwa.

Kwa hiyo, dada, dawa inaweza kuwa halisi kabisa na bado ikashindwa. Kila ulipomeza kidogo na kuacha, au kumeza bila kuhitaji, uliua wanyonge ukawaachia nafasi wenye mkasi. Ndiyo maana wakati mwingine daktari huandika amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, ambayo hujibana kwenye mkasi na kuufunga. Hiyo nayo hutengenezwa na Streptomaisesi. Lakini ipo mikasi isiyofungika kwa hiyo.

Tufanye nini nyumbani? Mafua ya kawaida huletwa na virusi, na antibaotiki haiwagusi. Usinunue vidonge vitatu vya majaribio. Mkojo ukichoma, pima kwanza, na tatizo likirudi mara kwa mara omba uoteshwe. Meza kiasi na siku ulizoelekezwa na mtaalamu. Usimgawie jirani, wala usimmezeshe mtoto dawa ya mkubwa. Ukipata homa, maumivu ya mgongo na kutapika, wahi hospitali.

Dada amerudi mezani kwake. Juzi mteja mmoja alilalamika kikohozi, akamwomba zile za kwenye pindo la kanga. Dada akamfungulia pindo, akamwonyesha: mlikuwa na chenji tu.

"Nenda ukapime, baba," akamwambia. "Mimi zilinigharimu siku sita."