Kabla ya kulaumu pampu, angalia raba

Wasee, tuambiane ukweli. Hapa Isiolo kisima kikikwama tunalaumu pampu, kumbe wakati mwingine pampu ni nzima, kilichokufa ni kipande cha raba.

Mimi niliacha chuo. Mambo ya mitambo nimeyajua nikimshikia fundi spana. Somo la kwanza: usianze na bei ya raba, uliza itakutana na nini. Kipande cha tyubu ya gari kikiguswa na dizeli kinavimba, kinalegea, kinavuja. Penye mafuta, itisha raba ya naitraili. EPDM ni poa kwa maji moto, lakini grisi ya gari inaiharibu.

La pili: ile pakini ya kamba kwenye shafti iache idondoshe maji kidogo. Hayo matone ndiyo yanaipoza. Ukiikaza hadi ikauke, itaungua na kukwangua shafti yenyewe.

Najua, ukiwa Merti duka la spea liko mbali na kukata tyubu ni rahisi. Ndiyo maana nasema kamati za maji zinunue spea sahihi mapema, kabla ya kiangazi. Ngamia akifika kisimani na kiu, hatauliza mliokoa shilingi ngapi.