Mashine Haiujui Ardhi ya Nyashimo

Mtu aliyepata kuhudhuria maonyesho ya biashara katika nchi yetu, yawe ya Saba Saba jijini Dar es Salaam au ya Nane Nane mikoani, ni nadra asiijue mashine ya kufyatua matofali ya kufungamana. Fundi hujaza udongo uliochanganywa na saruji kidogo, huvuta mpini, na tofali hutoka limenyooka, lina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ili ukuta upande bila kula mota nyingi. Watazamaji hushangilia. Wanayo haki ya kushangilia, lakini kinachostahili kushangiliwa si mashine.

Asili ya mashine hiyo si ngeni. Mashine ya kushindilia tofali iliyoitangulia ilibuniwa Bogotá, nchini Colombia, katika miaka ya 1950, na hapa kwetu utafiti wa majenzi ya gharama nafuu ulipewa kitengo chake mwaka 1971, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi. Faida kubwa ya tofali hili ni kwamba halichomwi. Wakazi wa Simiyu hawahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Mwaka 1986 Serikali ililazimika kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliozihusu pia Bariadi, Maswa na Meatu, kwa sababu nchi ilikuwa imebaki uchi. Na ngitili zilizorudishwa kwa jasho la miaka mingi hazikurudishwa ili ziishie katika matanuri ya matofali.

Hata hivyo tofali hili lina saruji, nayo saruji ina gharama mbili. Ya kwanza ni ya mfukoni. Mfuko unaotoka viwanda vya pwani husafiri zaidi ya kilometa 1,000 kabla ya kufika Busega. Ya pili ni ya hewani, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuikokotoa mwenyewe: mawe ya chokaa (kalsiamu kaboneti) yanapochomwa, kila kilo 100 hutoa kilo 44 za gesi ya kaboni dayoksaidi, mbali na moshi wa moto unaoyachoma. Ulimwenguni kote, saruji huchangia kadiri ya asilimia 7 hadi 8 ya gesi hiyo itokanayo na kazi za binadamu. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwonyeshaji si mashine hutoa matofali mangapi kwa siku. Aulizwe saruji kiasi gani inatosha kwa udongo wetu.

Hapo ndipo Nyashimo inapokuwa mwalimu. Katika nchi ya Wasukuma udongo hubadilika kwa utaratibu kadiri mtu ashukavyo mteremko, na wenyeji walikuwa na jina la kila hatua tangu zamani. Juu, chini ya mawe ya itale, kuna mchanga wa luseni. Hufuata itogolo lenye tabaka gumu. Bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, aliupa mpangilio wa namna hii jina la kisayansi katikati ya miaka ya 1930, na jina hilo sasa limo katika vitabu vya udongo duniani kote. Udongo wa mbuga hunywa maji ukavimba, hukauka ukasinyaa na kupasuka nyufa ambamo mkono huzama. Tofali lililofyatuliwa kwa udongo huo mtupu hung'aa siku ya maonyesho, likapasuka kiangazi.

Kipimo chake ni rahisi mno, na pengine ndiyo maana hakionyeshwi. Chukua sanduku la mbao lenye urefu wa sentimeta 60, upana wa 4 na kina cha 4. Lijaze udongo uliolowanishwa, uache juani siku tatu, kisha sukuma udongo wote upande mmoja na upime nafasi iliyobaki. Ikiwa haifiki milimeta 15, miongozo ya ufundi huu hushauri sehemu moja ya saruji kwa 18 za udongo. Ikiwa ni kati ya 45 na 60, sehemu moja kwa 12. Basi kwa madebe 36 ya udongo, jirani mmoja atatumia madebe mawili ya saruji na mwingine matatu, ingawa viwanja vyao vimetenganishwa na mteremko mmoja tu. Nafasi ikizidi milimeta 60, udongo huo uchanganywe kwanza na mchanga, na mchanga wenyewe uko pale juu kwenye luseni. Kwa mfinyanzi mzito chokaa mara nyingi hufaa kuliko saruji, maana kalsiamu yake huzifanya chembe za mfinyanzi zigandamane na kupunguza tabia yao ya kuvimba.

Viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, ambako Nane Nane ya kitaifa ilifanyika mwaka 2018, 2019 na 2020, vingeweza kuwa mahali pa kulijaribu wazo hili. Napendekeza kila mwonyeshaji wa vifaa vya ujenzi atakiwe kujenga ukuta mfupi kwa udongo wa mbuga na mwingine kwa luseni, aandike juu yake kiasi cha saruji alichotumia na idadi ya siku alizounyweshea maji, kisha auache hapo upigwe na mvua za misimu miwili. Mfanyabiashara atanung'unika, kwani ukuta uliopasuka hauuzi mashine. Na anung'unike.

Shule za sekondari za Busega hazina haja ya kungoja maonyesho. Walimu wa kemia na jiografia waungane, kila mwanafunzi alete kopo la udongo wa kwao na kueleza ulikochimbwa, masanduku yatengenezwe kwa mabaki ya mbao, na vipimo viandikwe kwenye ramani ya kata itakayobandikwa ofisini kwa mtendaji, mahali ambapo mtu anayetaka kujenga ataiona kabla ya kununua mfuko wa kwanza.