Maarifa ya Nyumbani: Kwa Nini Maji Hayazimi Moto wa Petroli

Katika miaka ya 1990, vijana wa mjini Arua waliojulikana kwa jina la OPEC Boys walikuwa wakiuza kando ya barabara petroli ya magendo iliyotoka Kongo. Iwe Arua, iwe Koboko au po pote pengine, mafuta yanunuliwapo kwa dumu, dumu hilo aghalabu huishia nyumbani, pengine hatua chache tu kutoka jikoni. Moto uzukapo, watu hukimbilia ndoo ya maji. Hilo ni kosa kubwa, na sababu yake imo katika umbo la molekuli, yaani chembe ndogo kabisa ya maji ambayo ingali ni maji.

Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Oksijeni ina nguvu zaidi ya kuvuta elektroni, ambazo ni chembe zenye umeme hasi. Lakini nguvu ya kuvuta peke yake haitoshi. Umbo nalo huamua. Tazama kaboni dioksaidi, hewa ambayo binadamu huitoa apumuapo. Oksijeni zake mbili huvuta elektroni za kaboni iliyo katikati, lakini atomu hizo tatu zimepangwa katika mstari ulionyoka. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba kambini: timu mbili zenye nguvu sawa zikivutana, kitambaa cha katikati hakisogei. Mivuto hiyo hubatilishana, na molekuli nzima haina upande hasi wala upande chanya.

Molekuli ya maji, kinyume chake, imepinda mithili ya kiwiko cha mkono, kwa pembe ya nyuzi 104.5 hivi. Mivuto yake haipingani. Ni kama watu wawili wanaovuta gogo moja kwa kamba mbili, wote wakiwa mbele yake. Gogo hapana budi lisogee. Hivyo upande wa oksijeni huwa hasi, upande wa haidrojeni huwa chanya, na molekuli ya namna hiyo huitwa ya polari. Kama ingalikuwa imenyoka, isingalikuwa na ncha hizo.

Ncha chanya ya molekuli moja hushikana na ncha hasi ya jirani yake. Petroli na mafuta ya taa yameundwa kwa kaboni na haidrojeni, ambazo huvuta elektroni kwa nguvu zinazokaribiana, hivyo hayana ncha za kushikwa. Maji hushikana yenyewe kwa yenyewe na kuyaacha mafuta nje. Nayo mafuta, kwa kuwa ni mepesi zaidi, huelea juu.

Kwa hiyo mtu akiimwagia maji petroli inayowaka, maji hupita chini, na moto huchukuliwa juu yake hadi uvunguni mwa kitanda au mlangoni kwa jirani. Katika sufuria ya mafuta ya kupikia hatari ni nyingine: maji huzama ndani ya mafuta ya moto, hugeuka mvuke ghafla, na kuyarusha mafuta yanayowaka usoni mwa mpishi.

Dawa ya moto huo ni kuunyima hewa. Sufuria ifunikwe kwa mfuniko wa bati, wala isibebwe. Petroli kidogo iliyomwagika ifukiwe kwa mchanga. Penye kizimamoto cha kaboni dioksaidi kitumike kwa moto wa petroli, kwa maana hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, nayo huufunika moto. Moto ukizidi, watu watoke nje kwanza.

Kadhalika, mafuta ya bunduki yakiingia katika sare, yasiondolewe kwa petroli, kwani mvuke wake huweza kuwashwa na jiko lililo mbali. Sabuni yatosha: ncha moja ya molekuli yake hushikana na maji, na mkia wake hushikana na mafuta, hata yote yakatoka pamoja.

Basi dumu la petroli liwekwe nje ya nyumba, mbali na jiko na watoto, na ndoo ya mchanga mkavu iwe karibu na mlango wa jikoni. Tahadhari kabla ya hatari.