UPEPO WETU HAUPIGI HODI

Ndugu wanakijiji,

Mei 2024 redio ilitangaza kimbunga Hidaya kule Mafia. Wengi wetu tulisema, "Hayo ni ya watu wa pwani, sisi yanatuhusu nini?" Nusu ya neno hilo ni kweli. Kimbunga hupata nguvu kwenye joto la maji ya bahari. Kikipanda nchi kavu huishiwa nguvu, na Tabora iko mbali na bahari, zaidi ya kilomita 600. Kile cha mwaka 1872 kiliangusha minazi na mikarafuu ya Unguja, si miembe yetu.

Nusu ya pili ndiyo inayotudanganya. Sisi tunao upepo wa mvua za kwanza. Wingu refu jeusi likianza kumwaga mvua, hewa baridi hushuka kwa kishindo, ikifika chini hutawanyika kwa kasi. Kimbunga hutangazwa siku kadhaa kabla. Huu wetu hauna jina, nao hufika hata nguo hujaanua.

Mimi mwenyewe ulinifundisha. Fundi aliniambia nifunge kenchi ukutani kwa waya. Nikabana shilingi, nikaweka mawe juu ya bati. Upepo uliingia chini ya upenu ukabeba bati na mawe yake. Jiwe moja liliangukia kitanda cha mjukuu wangu. Bahati alikuwa kwa bibi yake jikoni. Tangu siku ile nikisikia mtu anasema ni kazi ya Mungu, namjibu: upepo ni wa Mungu, waya ni wetu.

Maoni yangu ni haya:

Kwanza, kabla ya Oktoba kwisha kila balozi apite nyumba zake, paa lisilofungwa lijulikane.

Pili, tutoe siku moja ya kazi ya pamoja tufunge mapaa ya wazee na wajane, mabani ya tumbaku na ghala letu. Waya ununuliwe kwa fedha ya ushirika. Wapo watakaosema fedha hiyo ni ya mbolea. Je, mbolea ikilowa ghalani itamfaa nani?

Tatu, tusikate miti inayozunguka nyumba kwa kuni za mabani. Hiyo ndiyo ngao yetu.

Wingu likitanda, zimeni moto, fungeni milango, na mtu asijikinge chini ya mwembe.

Jambo hili lijadiliwe mkutano ujao. Asiyekubali aje aseme. Na wewe uliyesoma hapa, mwenzangu wa kisomo cha watu wazima, kamsomee jirani asiyejua.

Katibu wa Chama,
Ipuli