"Nani Amesema?" Haitoshi

Mwaka jana rafiki yangu alitetea kazi yake ya mwisho mbele ya jopo. Aliandika juu ya kiambishi ba- katika Kiswahili cha Lubumbashi, kama tunavyosikia katika "batoto banalala". Kwa miezi mitatu alirekodi mazungumzo ya wauzaji sokoni, akayaandika neno kwa neno, akaonyesha kwamba ba- hiyo ina utaratibu wake: inashika nomino za watu katika wingi, kisha inajirudia katika kitenzi. Mjumbe mmoja akamkatiza: "Ni mwandishi gani amesema hivyo?" Akajibu: "Hakuna, Profesa. Nimewasikia wenyewe." Ukumbi ukacheka. Mjumbe akamalizia: "Basi umetuletea makosa ya sokoni." Rafiki yangu alipita kwa shida, na tangu siku hiyo hataki tena kusikia neno utafiti.

Alama zimekwisha kuandikwa, siwezi kuzibadilisha. Ninachotaka tujadili, ndugu wasomaji, ni aina ya hoja zilizotumika siku ile, maana tunazisikia kila wiki darasani, na sisi wanafunzi tunazitumia wenyewe kwa wenyewe.

Tuanze na ile ya "makosa ya sokoni". Ukiipanga vizuri, ni hoja ya kutoka kanuni ya jumla kwenda jambo moja: kila kilicho nje ya Kiswahili sanifu ni kosa, "batoto" iko nje ya Kiswahili sanifu, kwa hiyo "batoto" ni kosa. Umbo lake halina tatizo. Ukikubali madai mawili ya kwanza, huna njia ya kulikwepa la tatu. Lakini mantiki inatufundisha kwamba umbo zuri haliponyi dai bovu, na hapa dai la kwanza ndilo bovu.

Usanifu ni uamuzi wa watu. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Kongo haikuwemo. Uamuzi huo umetufaa sana, na makala hii yenyewe inaandikwa kwa kuufuata. Mwanafunzi akiandika "batoto" katika insha ya Kiswahili sanifu, mwalimu ana haki ya kumsahihisha. Lakini rafiki yangu hakuwa anaandika insha. Alikuwa anaeleza jinsi watu wanavyosema. Neno "kosa" lilibadilika maana katikati ya hoja, na hakuna aliyeligundua kwa sababu ya kicheko.

Nami nisiingie katika mtego ule ule. Ningeweza kumtetea kwa kusema kwamba wataalamu wa lugha za Kibantu wanakubaliana kuwa kiambishi cha kale cha ngeli hiyo kilikuwa *ba-, na kwamba Kiluba na Lingala vinacho mpaka leo. Ni kweli, lakini ukale wa umbo hauthibitishi usahihi wake. Kinachomtetea rafiki yangu ni hoja ya aina nyingine, ile inayokusanya mifano mingi na kutafuta kanuni ndani yake. Hoja hii haina uhakika wa ile ya kwanza. Mfano mmoja wa kinyume unaweza kuitikisa. Ndiyo sababu swali la haki lilikuwa: "Je, uliwahi kumsikia mtu yeyote akisema watoto? Alikuwa nani, na alikuwa akizungumza na nani?" Swali hilo lingemtoa jasho, na kazi yake ingepata faida.

Sasa hoja ya mamlaka, ile ya "nani amesema". Wengi hudhani kwamba nguvu yake inatoka kanisani, kwa kuwa huko watu husema "imeandikwa". Lakini Toma wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, swali la 1, ibara ya 8, anatenganisha mambo mawili. Mamlaka yenye msingi katika ufunuo wa Mungu, kwake yeye, ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mamlaka yenye msingi katika akili ya binadamu ndiyo dhaifu kuliko zote. Vitabu vyetu vya isimu viko upande gani? Hakuna sarufi iliyoshuka kutoka mbinguni. Tunakuwa wakali kuliko mwanateolojia mwenyewe.

Hapa nchini tunao mfano bora. Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Tharcisse Tshibangu, akiwa bado mwanafunzi, alijadiliana na mkuu wa kitivo chake cha teolojia, Alfred Vanneste, kama inawezekana kuwa na teolojia ya Kiafrika. Tshibangu alisema inawezekana. Vanneste alishikilia kwamba teolojia lazima kwanza iwe ya watu wote. Unaweza kusimama upande wowote. La kujifunza ni kwamba mwanafunzi alijibiwa kwa hoja, na mjadala huo unasomwa mpaka leo.

Najua nitakachojibiwa: bila waandishi, kila mtu atajitungia isimu yake. Ni pingamizi la kweli. Mimi mwenyewe sijawahi kuzichunguza lugha zote zilizoleta ile *ba- ya kale, nawaamini waliozichunguza. Lakini nawaamini kwa sababu wameonyesha mifano yao, na yeyote anaweza kuirudia. Mamlaka ya namna hiyo ni deni ambalo linaweza kudaiwa. Hata wazee wetu barazani wanalijua hili. Mmoja akisema "haraka haraka haina baraka", mwingine humjibu "ngoja ngoja huumiza matumbo", na hapo kila mmoja hulazimika kueleza kwa nini methali yake ndiyo inayofaa kesi iliyopo.

Basi ninapendekeza jambo dogo kwa walimu na wanafunzi wa kitivo chetu. Mtu anapotetea kazi yake, aulizwe kwanza: "Umepata wapi mifano hii?" Kisha: "Mfano gani ungekufanya ubadili mawazo?" Baada ya hapo, aulizwe ni mwandishi gani amekubali na yupi amekataa. Swali la mwandishi libaki, ila lingoje zamu yake.

Wale wauzaji wa sokoni bado wanasema "batoto banalala". Rekodi za rafiki yangu ziko ndani ya kabati lake, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeomba kuzisikiliza.