Matatu Zikigoma, Mgonjwa Asiishiwe na Dawa

Msomaji, kila maneno ya "Jumatatu magari hayatoki" yanapoanza kuzunguka katika steji ya Kangeta, watu hushughulikia mambo wanayoyaona kwa macho. Mwenye miraa hutafuta gari la kuondoka usiku huo huo, kwa maana mzigo ule ukikaa siku mbili umenyauka na fedha zimekwenda. Mwenye duka huagiza unga na sukari. Lakini ni mara chache sana nimesikia mtu amefungua kabati akahesabu vidonge vyake vya presha. Leo nataka kuzungumza nawe juu ya vidonge hivyo.

Migomo ya matatu si jambo geni kwetu. Tarehe 1 Februari 2004, kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza kutekelezwa: mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, na abiria 14 katika matatu ndogo. Magari mengi yalitoweka barabarani na Wakenya wakatembea kwa miguu. Tarehe 12 Novemba 2018 serikali ilipozifufua kanuni zizo hizo kwa kishindo, mambo yakawa yale yale, na magari machache yaliyotoka yakapandisha nauli.

Sitaficha upande wangu katika ugomvi huo. Nimeshona nyuso nyingi zilizopitia kwenye kioo cha mbele cha gari, na mkanda ni dawa nafuu kuliko uzi wangu. Hata hivyo, dereva na makanga nao ni wagonjwa wangu. Hukaa barabarani tangu alfajiri hadi usiku, hubana mkojo, hawanywi maji, na wengine hutafuna miraa wasisinzie. Huja kwangu na vidonda vya tumbo, mgongo unaouma na presha ambayo hawajui wanayo. Hulipwa kwa siku, kwa hiyo mgomo ulioitishwa na mwenye gari huwanyima hata chakula cha jioni. Katiba ya mwaka 2010 inampa mfanyakazi haki ya kugoma katika kifungu cha 41, na katika kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya matibabu. Sioni kwa nini moja iimeze nyingine.

Novemba ile ya 2018 nililetewa nyanya mmoja akiwa amebebwa na wanawe wawili. Mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kulia haukunyanyuka. Kadi yake ya kliniki ilionyesha kwamba alipaswa kuchukua dawa siku ya Jumatatu. Vidonge vya mwisho alivimeza Jumamosi. Jumatatu gari halikuja, Jumanne nauli ilikuwa maradufu, na Jumatano jirani akamwambia angoje mambo yatulie. Nilipomuuliza mwanawe kwa nini hawakununua vidonge vichache dukani, alinijibu, "Daktari, nyanya alisema hajisikii vibaya."

Siwezi kuapa kwamba ni mgomo uliomwangusha. Huenda angepata kiharusi hata kama angekuwa na dawa. Lakini presha ina tabia hiyo ya kunyamaza, na kutojisikia vibaya si dalili kwamba mwili umepona. Nyanya yule aliishi, ila hakurudi tena shambani.

Si kila dawa inavumilia kukosekana sawasawa. Mwenye kisukari anayetegemea insulini tangu ujana wake hawezi kungoja: akiikosa kwa siku moja au mbili, damu yake hugeuka kuwa na asidi, naye huanza kutapika, kuhema na kupoteza fahamu. Mwenye kifafa akiacha vidonge ghafla anaweza kupata degedege lisilokatika. Mwenye kifua kikuu hupaswa kumeza dawa kwa muda wa miezi sita bila kuruka, la sivyo viini hujifunza kuishi nazo. Na anayesafishwa damu kwa mashine kwa sababu ya figo, siku zake huhesabiwa. Huyo apige simu hospitalini mapema, asingoje kuona kama magari yatatoka.

Basi usikiapo tetesi, hesabu dawa. Zikiwa chini ya za wiki mbili, nenda kliniki kabla ya tarehe yako, ukiwa na kadi, ueleze sababu. Usigawane vidonge na jirani kwa kuwa rangi inafanana. Usimeze nusu ili zidumu. Nusu ya dozi inaweza isikukinge hata kidogo. Chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa hukaa karibu wiki nne mahali penye baridi, hata bila friji. Chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga wa maji kinatosha.

Mama mjamzito aliyefika mwezi wa nane aamue mapema atalala kwa nani karibu na hospitali. Nasema hivyo kwa sababu ya bodaboda. Bodaboda imeokoa wengi hapa kwetu na siidharau, lakini mama anayetoka damu au aliyepata degedege hawezi kujishikilia juu ya pikipiki. Huyo anahitaji gari, hata liwe pikapu ya miraa yenye godoro nyuma.

Kuna jambo linalonikera kuliko mgomo wenyewe. Kwa miaka kadhaa sasa, wagonjwa wa Ukimwi walio na hali nzuri hupewa dawa za miezi mitatu kwa mara moja. Mpango huo umewapunguzia safari, foleni na nauli. Wenye presha na kisukari ninaowaona, wengi wao wazee wasio na nguvu, bado hupewa za mwezi mmoja, na pengine huambiwa nyingine wakanunue. Ukiuliza, utajibiwa kwamba stoo haina akiba. Naam, lakini nyanya anayeshuka kutoka mlimani mara kumi na mbili kwa mwaka kwa ajili ya vidonge vya aina moja atakumbana na mgomo, mvua au ukosefu wa nauli, hata kama matatu hazitagoma kamwe.

Kwa wenye magari ombi langu ni dogo. Mkipanga mgomo, pangeni pia gari moja katika kila sako litakalobeba wagonjwa, lenye kitambaa cheupe mbele, na mkubaliane baina yenu kwamba halitapigwa mawe. Mama zenu pia wana kadi za kliniki.