Kosa lisilo na mwenyewe halirekebishwi

Msimu wa pamba hapa Kasoli, wilayani Bariadi, mfumo wa kununulia ukigoma, simu ya karani huandika tu: "Kuna tatizo, jaribu tena." Mkulima anabaki juani na pamba yake, asijue amuulize nani.

Mimi naandika programu kwa lugha ya Rust, iliyotoka rasmi mwaka 2015. Kompaila yake, yaani programu inayotafsiri maandishi yetu kwa lugha ya kompyuta, hailei uzembe huo. Ndani yake kila taarifa ya kosa ina mmiliki. Sehemu inayoimiliki sharti iitoe au iifute. Ikiitelekeza, kompaila yenyewe inasimama. Mapema 2024 watengenezaji wake walikaza kamba zaidi: ukishaitoa taarifa, si yako tena. Huwezi kuiongezea neno wala kuitoa mara ya pili.

Kwa badiliko hilo faili nyingi ziliguswa, na mtumiaji wa kawaida hakuona tofauti. Wapo watakaosema ni kupoteza muda. Siafiki. Wanaotuandikia mifumo ya umma waige: kila kosa liseme limetokea wapi na nani analishughulikia. "Jaribu tena" si taarifa, ni kumfukuza mtu kwa adabu.